Damu Iliyosafishwa

Kishimo cha Bi Kuruthumu kilibaki cheupe. Vishimo vya wenzake kwenye ile sahani ya plastiki ya kupimia damu vilikuwa vimegeuka manjano, vingine vimekolea kama bizari, lakini chake kilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Nikairudia kazi yote tangu mwanzo, nikidhani nimekosea. Kikatoka vilevile.

Katika maabara yetu hapa Bagamoyo tulikuwa tunapima kipokezi, kitu kidogo mno kinachokaa juu ya chembe za damu mfano wa mlango. Ishara ikipita hapo, mwili huvimba. Kwa wagonjwa wa viungo milango hiyo huwa mingi, na rangi hukolea. Dawa ya utafiti ilikuwa ya kuifunga. Aliyekolea angeipata bure. Aliye hafifu angerudi nyumbani.

Na vidole vya Bi Kuruthumu nilikuwa nimeviona siku tuliyokwenda Fukayosi kuandikisha watu. Vilikuwa kama mizizi ya tangawizi, havikunjiki. Maisha yake yote alikuwa msukaji wa ukili wa mikeka. Sasa mkwewe, Arafa, ndiye aliyemmegea ugali.

Siku aliyokuja kutolewa damu nilikuwa nimemwuliza kama ametumia dawa yoyote.

"Sijatumia kitu, mwanangu," alisema.

Nilimwendea Daktari Muzammil, msimamizi wetu. Huwa nazungumza naye nikitazama meza.

"Daktari, yule mama wa Fukayosi anaumwa kweli. Vidole vyake..."

"Kipimo kinasema nini, Batuli?"

"Kiko chini."

"Basi kiko chini. Kama tunapima kwa macho, mashine za nini?"

"Labda tumpime tena."

"Kila mtu anapimwa mara moja. Utaratibu sikuuweka mimi." Akarudi kwenye kompyuta yake. "Majibu mpe wewe, maana huruma unayo nyingi."

Alhamisi wakaja, Bi Kuruthumu na Arafa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wazee wako hawajambo?"

Arafa aliweka mezani kawa mpya, ya rangi ya zambarau na kijani. Pindo lake lilikuwa limeishia nusu, miyaa ikining'inia.

"Nimekusukia ya kufunikia chakula," alisema Bi Kuruthumu. "Vidole vimegoma tena. Mkinipa dawa nitaimalizia."

"Umewezaje kusuka, mama?"

Arafa akacheka. "Si alisafisha damu kabla ya kuja kwenu. Alimeza vidonge vya uvimbe vya dukani Chalinze, akawa kama mwari. Nusura tumtafutie mume."

"Hebu nyamaza wewe." Bi Kuruthumu akapunguza sauti. "Ningewaleteaje watu damu chafu? Mgeni akija, si unafagia kwanza? Siku ile sikukwambia, manesi wanagomba."

Niliwaomba wanisubiri, nikarudi kwa daktari karibu nikikimbia. Nilimwambia ni vidonge vilivyoifuta rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo alidanganya," alisema. "Hilo nalo linamtoa."

Niliporudi, Bi Kuruthumu alikuwa amejiweka sawa kitini.

"Haya, niambie. Imetoka safi?"

"Imetoka safi, mama."

"Alhamdulillahi."

"Dawa wanapewa wale ambao haikutoka safi."

Ilichukua muda. Arafa ndiye aliyeelewa kwanza. Kicheko kikamfutika usoni. Bi Kuruthumu aliitazama kawa, kisha akanitazama mimi, bila hasira. Heri angenitukana.

"Basi chukua nyingine," alisema. "Ya leo ni chafu. Tangu vidonge viishe sijagusa kitu, Mungu shahidi."

Akausukuma mkono wa gauni kwa kiganja hadi juu ya kiwiko, akaulaza mkono wake mezani kando ya trei ya sindano. Mshipa ulikuwa umejitokeza vizuri. Nilimweleza kuhusu utaratibu. Nilieleza vibaya, nikarudia. Mkono ukabaki palepale, umegeuzwa juu, mpaka Arafa alipomshushia nguo na kumfungia kifungo, kwa kuwa mwenyewe hakuweza.