Kofia Iliyosubiri Kichwa

Mkono mtupu haulambwi, na Bi Kheiria alilelewa Malindi, Unguja, katika nyumba ambayo hata sahani ya jirani hairudishwi tupu. Kwa hiyo jirani yake Umm Shaul, yaani mama Shaul, alipopiga hodi siku ile kumwalika, Kheiria hakufikiria nguo ya kuvaa. Alifikiria atakwenda na nini.

"Shaul anatimiza miaka kumi na mitatu," alisema Umm Shaul kwa Kiarabu chake cha Baghdad, ambacho kina mama wa Matrah, huku Omani, walipenda kukiigiza na kukicheka. "Jumamosi asubuhi atasoma Taurati mbele ya watu. Tangu hapo amri za Mungu ziko juu yake mwenyewe, wala madhambi yake hatumbebei tena mimi na baba yake. Tulitaka kumpeleka Bombay kwa ndugu zetu, safari ikashindikana. Na hapa sisi ni nyumba moja tu. Njoo, Umm Suud, mtoto asizisomee kuta."

Kweli walikuwa nyumba moja. Mume wa Umm Shaul, Bwana Heskel, alitunza mtambo wa barafu wa tajiri mmoja wa pale Matrah, na Mayahudi wengine hawakuwapo mjini. Vilipokwisha vita vya Waarabu na Israeli vya mwaka uliopita, 1967, majirani kadhaa walianza kuupita mlango ule upesi upesi, kana kwamba kizingiti kinauma. Kheiria alikataa upuuzi huo. Yeye aliposhuka Matrah na furushi lake baada ya Unguja kuharibika, wa kwanza kumgongea mlango alikuwa Umm Shaul, na birika la chai mkononi. Wenye kuchagua pa kupita siku hiyo hawakuonekana.

Alirudi ndani akamkuta wifi yake Shaikha, dada wa marehemu mumewe, akichambua mchele.

"Wapelekee halwa," Shaikha alisema alipohadithiwa.

"Ina samli. Wao wakila nyama hawagusi samli wala maziwa mpaka kupite muda."

"Basi biriani."

"Nyama yetu hawali, ina taratibu zake kwao."

"Watu gani hawa? Hata kupewa kwao kazi."

Kheiria alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Kwani kwetu, wifi, mtoto akihitimu msahafu huvishwa nini?"

Jibu alilijua kila mtu. Huvishwa kanzu mpya na kofia. Na wote wawili wakalitazama kasha lililokuwa pembeni.

Ndani ya kasha mlikuwa na kofia ya mkono, nyeupe, yenye vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi wa hariri kimoja kimoja. Kheiria alikuwa akimshonea mwanawe Suud aivae siku ya kuhitimu. Mtihani wa Januari 1964 ulipowashukia Unguja, Suud, wakati huo wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amelala shamba kwa babu yake. Waliokwenda kutazama waliikuta nyumba tupu, mlango wazi. Hakuonekana hai wala maiti. Kofia ikavuka bahari na sindano yake ndani, safu ya mwisho haijakamilika, na Kheiria hakuigusa tena. Kuimaliza bila mwenyewe aliona ni kumzika kwa mkono wake.

"Nnakwambia kitu, na usinichukie," Shaikha alisema taratibu. "Suud akiingia mlangoni hapa sasa hivi, kofia ile itamkaa utosini kama kifuniko cha birika. Mtoto ana miaka kumi na saba."

Kheiria alimchukia. Alimchukia siku mbili nzima, kwa sababu neno lilikuwa kweli na yeye hakuwa amewahi kulihesabu. Miaka yote hiyo kichwani mwake Suud alibaki na miguu ile ile myembamba na jino lile lile la mbele lililovunjika. Ijumaa baada ya Alasiri alifungua kasha, akaketi karibu na dirisha, akaing'oa sindano iliyokwisha kushika kutu na kutia mpya. Alishona akilia bila kujificha. Shaikha alipita na kurudi, kisha akamsogezea nyuzi.

Jumamosi asubuhi Kheiria aliifunga kofia kwenye leso ya hariri, akaiweka juu ya sinia la shaba na kuifunika kwa kawa lililosukwa kwa ukili wa rangi, kama zinavyopelekwa tunu kwao. Akavuka kichochoro.

Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa upya. Juu ya meza yenye kitambaa cheupe palisimama sanduku refu la mbao, la mviringo, lililopambwa kwa fedha, na Umm Shaul alikuwa amemwambia zamani kwamba ndani yake mna gombo la Taurati la babu zao, lililotoka Baghdad likaenda Bombay, na kutoka Bombay likaja Matrah. Baniani wa duka la vitambaa na mkewe walikwisha kaa. Shaul alisimama kando ya meza amevaa kofia ya baba yake, imemshuka mpaka masikioni. Yake mpya iliyoagizwa Bombay ilikuwa bado melini, na meli haikuwa na habari na sherehe ya mtu.

Kheiria alikwenda moja kwa moja kwa Umm Shaul, akamnyoshea sinia.

Mikono ya Umm Shaul ilinyanyuka, kisha ikarudi nyuma ya mgongo.

"Siwezi kuipokea leo, Umm Suud. Siku ya Sabato kwetu zawadi haitolewi wala haipokewi. Kosa ni langu, nilisahau kukwambia. Iweke pale, likizama jua nitaichukua kwa mikono miwili."

Ya kupika na kutopika Kheiria aliyajua yote, kwani moshi wa jikoni kwao ulikatika kila Ijumaa magharibi. Haya ya zawadi hakuyajua. Kwao Unguja, tunu ikirudishwa mbele ya watu ni uso uliorudishwa, na ugomvi wake huenda ukarithiwa na wajukuu. Alisimama na sinia lake, uso unamwaka moto. Akafikiri: nimemzika mwanangu jana kwa sindano, na leo hata mazishi yake hayapokewi. Alitaka kuondoka.

"Ni kitu gani?" aliuliza Bwana Heskel kutoka mezani, kwa upole.

 Kheiria alifunua kawa, akalegeza leso.

Bwana Heskel alisogea, akaitazama kofia bila kuigusa. Aliutazama uzi wa hariri, kitobo kwa kitobo. Kisha akamtazama mwanawe, na ile kofia iliyomfunika masikio. Alisema maneno mawili matatu na mkewe kwa sauti ya chini, akamgeukia Kheiria.

"Zawadi ya furaha husubiri jua lizame," alisema. "Lakini kitu anachokihitaji mtu kwa ibada ya leo hupokewa leo. Huyu mtoto anasimama mbele ya maneno ya Mungu, na kichwa chake hakina kofia ya kumkaa. Mvishe wewe, Umm Suud."

Shaul aliivua ya baba yake akainamisha kichwa. Kheiria alimvisha, akaizungusha kidogo mshono ukae nyuma. Ilimkaa. Haikubana wala haikulegea. Ilikuwa kana kwamba ilipimwa pale pale.

Ndipo sanduku likafunguliwa. Gombo lilisimama ndani yake wima, jeusi kwa maandishi, na Shaul akaanza kusoma. Sauti yake ilikatika mara ya kwanza, ikashika njia. Kheiria hakuelewa lugha, lakini masikio yake yalisimama: hiyo ilikuwa ha ya kooni, hiyo ilikuwa ain, herufi zile zile za msahafu, zimetolewa mahali pake hasa kama alivyozidai mwalimu wake wa chuo cha Kurani kwa bakora. Kisha akalisikia jina la Nabii Musa katika mdomo wa watu wake Musa mwenyewe. Nywele zilimsimama. Alihisi kwamba maneno yale yametembea karne zote hizo, kutoka kwa baba hadi kwa mwana, bila kukosa kichwa cha kukaa, na leo yamepita chini ya uzi wake. Subhana Allah, alisema moyoni.

Aliposhusha sauti, Shaul aliubusu mkono wa baba yake, kisha wa mama yake. Kisha akaja kwa Kheiria, akaubusu wake. Dua aliyomwekea Suud miaka yote ilimtoka kwa Kiswahili, nzima, bila kupunguza neno. "Mungu akukuze, mwanangu, akulinde kila unapokanyaga, akurudishe salama kwa mama'ko."

Mtoto hakuelewa, lakini aliitikia amina.

Kheiria aliporudi, Shaikha alikuwa akingoja mlangoni kwao, akalitazama sinia tupu.

"Wameipokea?"

"Wameipokea."

Kheiria alikaa chini, akavuta kasha, akatoa kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki na mkasi. Alikikunjua, akakilaza mapajani.

"Wifi," alisema, "kijana wa miaka kumi na saba nimkatie kichwa kiasi gani?"

Shaikha alikuja akaketi karibu yake. Alikinyoosha kile kitambaa kwa kiganja.

"Kata kama cha baba yake," alisema. "Kaka yangu alikuwa na kichwa kikubwa."