Nyumba Yetu Kwenye Mwezi wa Kipkemoi

Sikukasirika kwa sababu ya mchezo. Watu wa Kaplong wanasema Mokeira, mtu mzima, amegombana na majirani kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na waendelee kusema hivyo mpaka wachoke. Mimi naeleza ilivyokuwa.

Mchezo wenyewe ni wa kuruka angani. Unaendesha chombo kutoka sayari hii kwenda ile, na uzuri wake ni kwamba anayejua kompyuta anaweza kuuongezea vitu vyake: milima, nyumba, hata sayari nzima. Vitu hivyo tunaviita modi. Kwenye grupu yetu ya WhatsApp tulikuwa watatu. Mimi, ninayetengeneza kompyuta kwenye kibanda changu Sotik. Vinny, Mkisii mwenzangu, anayeuza vipuri vya pikipiki mlango wa tatu kutoka kwangu. Na Kipkemoi, jirani yetu wa nyumbani Kaplong, ambaye siku hizi ni mwalimu wa kompyuta. Tulikua naye tukichuma chai mistari inayofuatana.

Kazi ya grupu ilikuwa kutuma skrinshoti na kutaniana kama wasafiri.

"Nimefika salama," Vinny angeandika, chombo chake kimekwama kwenye barafu. "Huku baridi ya Kericho ni mchezo."

"Ulibeba sweta?" Kipkemoi angeuliza. "Na uangalie kama wananunua majani."

"Uniletee jiwe moja la kuzuia mlango," mimi ningesema. Tulicheka sana, sitakataa.

Basi Kipkemoi akatangaza kwamba anatengeneza modi ya kwetu, sayari ya chai kuanzia Roret mpaka Sotik, kila kilima mahali pake. Akaomba picha za nyumba zetu. Nilimwambia baba, mzee Omariba, kwamba nyumba yake inaingia kwenye kompyuta. Alifagia ua mwenyewe, akavaa koti la kanisani, akasimama kando ya mlango. Tunaishi wawili tu pale, mimi na yeye, tangu mama yangu, Nyabate, afariki. Nilipiga picha nyumba pande zote nikazituma.

Modi ilipokuwa tayari, nilikuwa wa kwanza kutua. Lo, kijana ana mkono! Niliona barabara, niliona paa la hospitali ya misheni, niliona nyumba ya kina Kipkemoi na ndama wa mama yake amefungwa nje. Nikavuka kijito kuja kwetu. Hakukuwa na kitu. Chai tupu, imekatwa sawasawa, kutoka kijitoni mpaka barabarani.

Nikatuma skrinshoti. "Kipkemoi, nimepotea ama? Kwetu iko wapi?"

Alijibu kwa skrinshoti yake. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mwezi wa kijivu, peke yake, na mbele yake kibao kimeandikwa KISII. "Karibu nyumbani, msafiri! Safari ilikuwa aje?"

"Wueh!" akaandika Vinny. "Ukirudi utuletee ndizi."

Vinny huyo, ambaye mama yake naye analima huku huku karibu na mpaka wa Kisii, kama sisi. Nilimtukana kwanza, kisha nikampigia Kipkemoi simu.

Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kama hajakaa huku. Baba alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako babu alikuwa mchumaji. Shamba letu la Kaplong baba alilinunua kwa babu yake Kipkemoi, mbele ya wazee, wakala pamoja, wakashikana mikono. Mimi nilizaliwa hapo. Na mara mbili, wakati wa kura, tumelala kwenye sakafu ya kanisa kwa sababu ya watu waliotuambia turudi kwetu Kisii, ingawa si baba wala mimi aliyezaliwa huko. Kipkemoi anayajua yote hayo. Mara ya pili ni yeye aliyetuletea maziwa.

"Kwa nini umetutoa?" nikamuuliza.

"Si mimi, ni ramani. Si unajua ile iko kwa ukuta pale kituo cha majani, yenye mpaka ya kila namba ya mkulima? Hiyo ndio nilitumia. Baba yako hana namba. Hiyo chai yenu imechorwa kwa shamba ya mama."

Hapo alisema kweli. Kiwanda hakipokei jani bila namba ya mkulima, na namba hupati bila hati ya shamba. Hati bado ina jina la babu yao. Kwa hiyo miaka yote baba amepeleka majani kwa namba ya Rebeccah, mama yake Kipkemoi, aliyoirithi kwa mzee huyo. Karani akiita Rebeccah, wanaitika watu wawili. Kila mtu pale kituoni anajua, na hakuna anayelisema.

"Sasa nyumba ikabaki haina mahali," Kipkemoi akaendelea. "Nikaona niiweke kwa mwezi. Ni jokes, Mokeira."

"Ungeweka ya mamako huko."

"Usiingize mama kwa hii maneno."

"Na wewe umemwingiza babangu! Alikuvalia koti, Kipkemoi!"

Akakata simu. Haukupita muda mrefu, akatuma skrinshoti nyingine. Nyumba ilikuwa imerudi mahali pake. "Haya, nimerekebisha. Tumeelewana?"

Hatukuelewana. Kama kidole kimoja kinaweza kututoa na kuturudisha hivyo, basi tulikuwa tunakaa pale kwa hisani. Sikutaka nyumba kwenye mchezo. Nilitaka sehemu yetu ya shamba ikatwe, hati yake iandikwe jina la baba, naye apate namba yake angali hai.

Jumatatu mchana nilifunga kibanda nikaenda kituo cha majani. Baba alikuwa kwenye foleni, gunia lake limekaribia mizani. Rebeccah alikuwa ameketi kwenye benchi, amemaliza kupanga majani yake. Nilimwamkia vizuri, nikaketi kando yake.

"Mama, ni lini tutaenda kwa watu wa ardhi watukatie ile shamba?"

"Haraka ya nini, mtoto wangu? Si tumekaa vizuri?"

"Tumekaa vizuri, lakini karatasi haijui. Angalia vile Kipkemoi alichora." Nikampa simu yenye ile skrinshoti yangu ya kwanza, ya chai tupu. Nilitaka aone kwa macho yake ninachokiogopa.

Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo ili aone. Uso wake ukafunguka.

"Ni Kipkemoi amefanya hii? Ai, imetoka vizuri! Hii ni kwetu. Hii ni kijito." Kidole chake kikavuka maji, kikapanda kilima polepole, kikasimama. "Na hapa ndio Isaiah atajenga. Nilimwambia asishuke chini, kuna maji."

Isaiah ni kitinda mimba wake. Anamaliza chuo mwaka huu.

Nilingoja ashtuke. Nilingoja aseme, pole, nimesahau. Hakushtuka. Alikuwa anaitazama ile chai kwa furaha, na hapo ndipo nilipomchukia, mwanamke ambaye nimemwita mama tangu nijue kusema. Kumbe mipango ilishapangwa, na kilichobaki ni sisi kuondoka au kufa.

Sikujua kwamba baba alikuwa nyuma yangu.

"Mama Kipkemoi," akasema. "Hapo umeweka kidole ni wapi?"

"Ni picha tu, Baba Mokeira."

"Hapo ndio tulizika Nyabate. Siku hiyo wewe ndio ulipikia watu chai."

Rebeccah aliigeuza simu, kioo chini, juu ya mapaja yake. Wanawake waliokuwa kwenye benchi waliangalia vikapu vyao. Wala hakuna aliyesema neno moja la kutusaidia, na nawajua wote kwa majina.

"Rebeccah!" karani akaita, kama kila siku. Gunia la baba lilikuwa limeshatundikwa kwenye mizani.

Baba alienda akalishusha.

"Mzee, unapeleka wapi?" karani akamuuliza. "Hiyo majani ikilala kwa gunia itaungua."

"Wacha iungue."

Nilishika upande mmoja wa gunia, yeye akashika mwingine, tukashika njia ya nyumbani. Tulikuwa tumefika barabarani Rebeccah aliponiita.

"Mokeira! Mtoto wangu, umesahau simu!"

"Kaa nayo, mama," nikamjibu bila kugeuka. "Mpe Isaiah apimie mahali pa kuchimba msingi."