Mashavu ya Mama Pasi

"Futa poda yote, mama. Daktari anataka kuuona uso wenyewe," nesi alisema, akimpa pamba iliyoloweshwa maji.

Mama Pasi aliipokea ile pamba kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kutoka nyumbani bila poda. Mumewe, aliyeketi pembeni na mkoba wa mkewe magotini, aligeukia bango la ukutani ili asimtie aibu. Bango lilihusu chanjo za watoto wachanga, naye alilisoma mara tatu.

Poda ikatoka, yakabaki mashavu: mekundu kutoka puani hadi karibu na masikio, na juu yake vimishipa vimetapakaa kama nyuzi zilizofumuka.

Daktari, binti ambaye Mama Pasi angeweza kabisa kumzaa, alisogeza taa. "Umewahi kupaka nini hapa?"

Mume akakohoa. "Sema, mke wangu. Tumekuja kutibiwa, hatukuja kuposwa."

"Spiriti," alisema Mama Pasi kwa sauti ndogo. "Ile ya kutolea madoa. Mara moja. Basi, mara tatu."

Angefanya nini? Alikuwa dobi, na dobi akiona wekundu mahali pasipo pake, anaona doa. Akachukua kitambaa cheupe, akagusagusa kutoka ukingoni kwenda katikati bila kusugua, kama inavyotakiwa. Uso ukawaka pilipili wiki nzima, na wekundu ukazidi kuliko mwanzo.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika lilikuwa maneno. Uso mwekundu, na nguo zinazonuka spiriti ya kazini: wateja wakapata jibu lao. Siku moja, akiwa nyuma ya pazia ananyoosha shati, alimsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake kwenye kaunta, "Mikono ya dhahabu, maskini, lakini chupa itammaliza." Mama Pasi, ambaye hajawahi kuonja hata tone! Tangu siku ile hakukanyaga tena upande wa mbele. Mumewe ndiye aliyesimama kaunta, akipokea sifa za marinda asiyojua hata yanavyokunjwa, na mkewe huku nyuma akisikiliza. Alichokikosa zaidi ni kuona nyuso za watu wanapokabidhiwa nguo walizodhani zimekufa. Alitaka kuwakabidhi kwa mkono wake. Ni hilo tu lililomleta hapa.

"Ugonjwa huu unaitwa rosasia," daktari alisema. "Si doa, mama. Ni mishipa iliyopanuka. Tutatumia mashine ya leza: mwanga wake unapita kwenye ngozi bila kuichana, unauchoma mshipa, kisha mwili wenyewe unauondoa taratibu."

"Utaisha?"

"Utapungua sana. Utakuja mara tatu, labda nne, na miaka ya mbele unaweza kujirudia kidogo. Sikuahidi uso wa mtoto. Leo nitajaribu hapa chini ya taya, pasipoonekana, nione ngozi yako inaupokeaje. Mengine mwezi ujao."

Mama Pasi alimgeukia mumewe, macho yameng'aa. "Umemsikia? Anajaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Huyu anaijua kazi."

Mwezi ulipita na pindo likakubali. Siku ya siku akapiga moyo konde, akalala kitandani, akavishwa miwani ya giza. Mashine ikaanza: tap, tap, tap, kila mpigo kama mpira mwembamba uliovutwa ukaachiwa shavuni. Kisha akanusa kitu anachokijua kuliko jina lake, harufu ya malaika, vile vinyweleo vya usoni, yakiungua kama sufu chini ya pasi.

"Punguza moto kidogo, daktari," alisema bila kufikiri. "Kitambaa kinaanza kuungua."

Daktari alicheka hadi akasimamisha mashine. Hata hivyo, moto akaupunguza.

Walipomaliza, alimpa mafuta ya kupaka na masharti. "Wiki mbili usipake poda. Usikae juani. Na usikaribie pasi wala mvuke."

"Mvuke?"

"Mvuke ndio adui yako mkubwa, mama."

Mke na mume wakatazamana. Duka lao lina nafasi mbili tu: nyuma ya pazia kwenye pasi, na mbele kwenye kaunta. Na mume hajapata kunyoosha hata leso.

Asubuhi Mama Pasi alijitazama kwenye kioo. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijitundu, na mashavuni vidoa vya zambarau vimejipanga mduara kwa mduara. Aliutafuta uso wa kwenda nao mbele ya watu, akapewa huu.

"Tufunge duka wiki mbili," alisema.

"Funga ukitaka," mumewe alijibu kutoka nyuma, "lakini mimi pasi nimeshawasha." Alikuwa amejifunga aproni ya mkewe, imemfika mapajani. "Mke wangu, nimeuzoea uso wako na rangi zake zote. Ukipungua wekundu, nitauzoea pia. Ila wa leo, Mungu anisamehe, ni wa kutishia wezi."

Mama Pasi alicheka mpaka mashavu yakamuuma. Alimpenda sana mtu huyu, na alijua kwamba shati la kwanza litaungua.

Akaenda kaunta.

Mteja wa kwanza alitupa koti, akauliza litakuwa tayari lini, akaondoka bila kumtazama. Miaka yote ile ya kujificha, na mtu anataka koti lake tu! Nusura amkimbilie amwambie, hebu nitazame basi.

Wa pili alimtazama vya kutosha. "Mama, umeanguka?"

"Nimetibiwa. Mishipa ya uso, imechomwa kwa mwanga."

"Mke wangu!" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kola inaanzia wapi?"

"Nchani, uende katikati! Na usiikandamize!"

"Nimeshaikandamiza!"

Mteja akacheka, naye akacheka, akamkabidhi suti yake. Yule mtu aliifungua palepale, akatafuta mahali palipokuwa na wino, asipaone, akatabasamu peke yake kama mtoto. Mama Pasi alilitazama tabasamu lile hadi mlango ulipojifunga.

Karibu na saa sita aliingia mwanamke mwenye mtandio ulioshushwa hadi mashavuni. Alichukua mashuka yake, akashukuru akitazama chini, akatoka. Baada ya kitambo kidogo akarudi. Akasimama, mashuka yamekumbatiwa kifuani.

"Dada, samahani. Nimekusikia asubuhi ukimweleza yule baba wa suti, nilikuwa pale nje." Akashusha sauti. "Inauma?"

"Inauma, nisikudanganye. Lakini inavumilika."

Mwanamke aligeuka kuona kama kuna mtu nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Polepole akaurudisha mtandio nyuma; mashavu yake nayo yalikuwa mekundu.

Mama Pasi alizunguka kaunta. Akamshika kidevu kwa vidole viwili.

"Sogea hapa mlangoni, mdogo wangu," alisema. "Hapa ndipo penye mwanga."