Rangi Mikono Miwili

Saa nane na dakika kumi mchana, mtangazaji wa redio alisema daraja la chini limekatika. Nguzo ya kati ilikuwa imechukuliwa na maji. Kizuizi kilikuwa kimewekwa upande wa mji. Upande wa mlimani hakuna mtu aliyekuwa amefika bado. Mwalimu alizima jiko, akafuta mikono, akaandika saa kwenye daftari.

Alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Alistaafu, lakini jina la kazi lilimganda, hata mumewe hakumwita vingine. Mdogo wake wa kiume alikuwa dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa upande wa pili wa daraja na tani ishirini na nane za saruji. Asubuhi alimpigia simu kumwambia atafika njia panda ya mlimani saa kumi na robo. Kutoka hapo kuna barabara mbili. Ya juu ni ndefu, inazunguka mlima na kupita mji wa juu. Ya chini ni mteremko wa kilomita sita unaoishia kwenye kona kali, na daraja liko nyuma ya kona. Dereva hupita ya chini siku zote. Lori lenye mzigo ule likishakata kona hiyo, breki hazina la kufanya.

Mwalimu alimpigia mara tatu. Hapatikani, mlimani simu hazishiki. Karani wa kampuni alisema hata wao wanajaribu. Polisi walisema watatuma mtu, ila kwa kuzunguka barabara ya juu, mwendo wa saa tatu.

Ilibaki redio ya upepo, ile ya kuitana kwa kubonyeza kitufe. Dereva alikuwa nayo moja ndani ya lori, na ya pili inayofanana nayo alimletea dada yake. Kutoka njia panda hadi nyumbani, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kumi na mbili, na redio ile ilifika huko bila taabu kama antena ilikuwa nzuri. Antena walikuwa wameifunga Jumapili, yeye na mumewe: mlingoti wa bomba juu ya bati, fimbo ndefu iliyosimama, na chini yake mikono minne mifupi iliyotanuka kama mbavu za mwavuli. Nondo ya shaba, urefu wa mita mbili, waliipigilia karibu na karo la kufulia, mahali ambapo udongo haukauki, wakaiunga na mlingoti kwa waya na klampu ya kubana, ili radi ikipiga ipate njia ya kuingia ardhini bila kupitia sebuleni. Siku hiyo Mwalimu alipima kila kiungo. Mita ya antena, inayoonyesha nguvu inayorudi chini, ilisoma moja na nusu, na chini ya mbili ni salama. Aliridhika.

Sasa aliunga kebo, akabonyeza kitufe kwa sekunde moja. Sindano ya mita iliruka hadi kwenye wekundu, ikagota. Nguvu iliyopelekwa juu ilikuwa inarudi chini, na ikirudi kwa kiasi hicho huunguza redio yenyewe. Hakubonyeza tena.

Mbali upande wa magharibi palimulika. Alihesabu kimoyomoyo hadi ngurumo ikafika. Sekunde sabini na mbili. Gawanya kwa tatu: kilomita ishirini na nne. Aliandika.

Mumewe aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa mpaka rangi, na mtaani walimwita Mikono Miwili, kwa sababu hajawahi kuacha ukuta, lango wala banda la kuku likiwa na mkono mmoja wa rangi, yaani limepakwa mara moja tu.

"Umempata shemeji?"

"Antena imekufa. Jumapili ilikuwa hai. Nani ameigusa?"

"Ah, upepo huo." Mikono Miwili alitazama chai yake.

Mwalimu alitazama kucha za mumewe. Pembeni mwa kila ukucha palikuwa na mstari mwembamba unaometa, rangi ya fedha.

"Umepaka antena yangu."

"Nilitaka kukushtukiza, mke wangu. Juzi ulipokwenda kliniki. Chuma kitupu juu ya nyumba ya mpaka rangi! Mvua moja tu, kutu. Watu wangesema nini?"

"Umepaka wapi?"

"Pote."

"Pote wapi?"

"Niliishusha, nikaifungua vipande vipande, nikapaka kila kimoja, kikakauka, nikapaka tena. Hata kwenye nyuzi za skrubu. Kazi safi, Mwalimu, hutaona hata alama ya brashi."

"Na nondo ya chini?"

"Na nondo. Na klampu yake."

Mwalimu alivuta pumzi, akaitoa. "Umeme haupiti kwenye rangi."

"Hiyo ni rangi ya fedha. Ina chuma ndani!"

"Ina gundi zaidi ya chuma. Ile mikono minne sasa haigusani na kitu. Na mlingoti haujui kama kuna ardhi."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Alimpa msasa, brashi ya waya na spana namba kumi na tatu, akamweleza kwa kidole: viungo vinne vya mikono, kiungo cha mlingoti, klampu ya chini. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma, rangi itoke hadi ing'ae.

Mikono Miwili alipanda ngazi. Jirani yao, mshonaji, alisimamisha cherehani barazani.

"We Mikono Miwili! Leo unabandua? Mwisho wa dunia umefika nini?"

"Shona nguo zako, mama!"

"Nashona, lakini macho hayana kodi!"

Alikwangua. Kwa kuwa hakujua kufanya kazi nusunusu, alikwangua kama alivyopaka, polepole, akipuliza vumbi na kukagua kwa jicho moja. Mwalimu alishika ngazi na kuhesabu sekunde za ngurumo. Hamsini na nane. Hamsini na moja.

"Unganisha tu, ujaribu!" mumewe aliita kutoka juu. "Mtoto wa watu anakuja huko!"

"Nikiunguza redio nitamwitaje, kwa filimbi? Kiungo cha tatu."

Saa tisa na nusu aliteremka. Chini, kwenye karo, walifungua klampu pamoja. Shaba ilitokea, nyekundu, safi. Mwalimu alibana nati, akapima kutoka mlingoti hadi nondo. Mita ya ukinzani ilisoma karibu na sifuri: umeme unapita. Alipima tena, kutoka nondo hadi ethi ya nyumba, waya wa umeme wa nyumba unaoingia ardhini. Vilevile.

Saa kumi kasorobo alibonyeza kitufe. Mita ya antena ilisoma moja na nukta sita.

Alianza kuita kila baada ya dakika mbili. Hakujibiwa. Ngurumo sasa zilikuja baada ya sekunde arobaini, kisha thelathini na sita. Siku ya Jumapili alikuwa ameandika kanuni moja kwenye karatasi na kuibandika ukutani, juu ya redio: chini ya sekunde thelathini, kebo inatoka.

Saa kumi na dakika kumi na moja alihesabu ishirini na saba.

"Toa," alisema Mikono Miwili. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa vumbi la fedha. "Mwenyewe uliandika."

"Niliandika."

"Basi toa! Nondo nimeipaka mimi, Mwalimu. Siiamini."

"Naiamini mimi. Nimeipima." Alibonyeza. "Dereva, dereva, hapa nyumbani. Daraja la chini limekatika. Pita juu. Jibu."

Mvumo mtupu. Pakamulika. Kumi na tisa.

"Dereva, hapa nyumbani. Daraja limekatika. Pita juu."

Redio ilikwaruza. "...dada? Ni wewe? Sauti utadhani umekaa kwenye kiti cha utingo!"

"Uko wapi?"

"Njia panda. Nimeshakunja usukani kushika ya chini."

"Simama. Daraja hakuna. Limechukuliwa na maji. Pita juu. Rudia nilichosema."

Mikono Miwili alikaa chini, sakafuni.

"Daraja hakuna. Napita juu," alisema dereva, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Narudi kinyumenyume hapa. Haya. Niko barabara ya juu."

"Nazima," alisema Mwalimu.

Alifungua kebo, akaitoa nje kupitia dirishani, akafunga dirisha. Aliandika: saa kumi na dakika kumi na nane, amejibu. Ngurumo iliyofuata ilikuja baada ya sekunde kumi na moja.

Saa moja kasoro dakika nane kwenye simu uliingia ujumbe wa dereva. Mwalimu aliusoma kwa sauti, kisha akaunakili kwenye daftari kama ulivyokuwa: "Nimefika mji wa juu. Lori zima, mimi mzima."