Pai Baada ya Kura

Mwaka jana Verna Pelkey alishindwa na matumbo ya watu, si hoja zao. Suala la kuutunza mto liliwekwa mwisho kwenye mkutano wa mji wa kila mwaka, ambako wakazi wenyewe hupiga kura. Watu wakala mchana, wakashiba, wakakimbilia kuchemsha utomvu wa miti uwe sharubati, maana Machi huko Vermont, Marekani, ndiyo msimu wa kugema. Ukumbini wakabaki wabishi watupu, wakaipiga hoja chini.

Safari hii miji mingine yote ya kando ya Mto Ashwillet ilikwisha kukubali kuingia ubia wa kuutunza. Serikali ilikuwa tayari kutoa ruzuku ya kupanda miti ya kushika udongo ukingoni, kwa sharti kwamba kila mji uridhie. Mji wa Verna ukikataa tena, fedha zinakwenda kwenye mto mwingine. Na kila theluji ilipoyeyuka, maji yalimega konde la majani ya ng'ombe aliloachiwa na marehemu mumewe. Verna alikuwa amechoka kulitazama likienda.

Bahati nzuri, msimamizi wa jikoni kwenye mkutano wa mwaka huu alikuwa yeye. Watu walipomaliza maharage wakageukia mlango wa jikoni kungoja pai za matufaha. Mlango umefungwa, Verna kasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Pai baada ya kura," alisema.

"Hiyo ni rushwa, shemeji!" alipayuka Royce, mdogo wa marehemu na kinara wa wapinzani.

"Rushwa ni kupewa, Royce. Nyie mnanyimwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, na hakuna aliyeondoka. Mwenyekiti, ambaye naye hakuwa malaika mbele ya pai, aliita hoja ya mto papo hapo.

Royce akasimama. "Leo wanakuletea miche, kesho wanakwambia ng'ombe wako wasikanyage ukingoni. Serikali ikishaingiza mguu shambani haitoki ng'o! Haya, waanze na ardhi ya nani?"

Verna alijua swali hilo linakuja, na bado lilimchoma.

"Yangu," alisema. "Ukingo wote, toka darajani mpaka tunapopakana mimi na wewe. Uwe wa miti."

"Konde la kaka?" aliuliza Royce.

"La kaka yako, ndiyo. Mto unalichukua kila mwaka, na haujawahi kuitisha kura."

Mwenyekiti akasema wanaoafiki wasimame, viti vikakwaruza sakafu ukumbi mzima. Royce alibaki amekaa na wenzake wachache. Hoja ikapita.

Verna alikata pai. Ameshinda, na anataka kulia. Royce alikuja wa mwisho.

"Nimepinga," alisema.

"Nimekuona."

"Na mwakani napinga tena." Aliitazama sahani yake. "Hao watu wa ruzuku wanakuja lini?"

"Labda Oktoba, majani ya miti yakianza kupukutika."

"Wewe! Mpaka hapo si maji yatakuwa yamekula kipande kingine?" Alisonya. "Kesho nakuja na nguzo za uzio, tuwazuie ng'ombe wasikanyage ukingo kwanza. Nitaanza kuchimbia upande wangu."

"Upande wako? Royce, wewe umekataa."

"Nimeikataa serikali," alisema Royce. "Konde la kaka sijalikataa."