Sahihi ya Soli

Soli alipotangaza kwamba anagombea udiwani, mtaa ulicheka kwanza, kisha ukakubali. Alikuwa fundi viatu wa miaka hamsini na minne, hajawahi kulala nje ya mtaa ule zaidi ya wiki moja, na karibu kila kiatu kilichokanyaga vumbi la pale kilikuwa kimepita mikononi mwake. Alijua nani huburuta kisigino, nani ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwenzake, na nani huleta viatu vya kanisani kushonwa Jumamosi jioni halafu akaja juu kwa kuwa havijakauka gundi. Jina la Soli alipewa akiwa bado anajifunza kazi, likamganda hata mkewe akawa anamwita hivyo.

Mtu mmoja tu hakucheka wala hakukubali. Huyo alikuwa dada yake mkubwa, ambaye watu walimwita Karani kwa sababu alikuwa amekaa miaka thelathini na mmoja kwenye ofisi ya shule ya msingi, akipiga chapa barua na mitihani, mpaka alipostaafu. Aliishi vyumba viwili vya mbele vya nyumba waliyoachiwa na wazazi. Soli na mkewe waliishi vya nyuma, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao ambao kikohozi kilipenya bila kupiga hodi.

Karani alimjua mdogo wake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ndiye aliyemfundisha kushika kalamu alipokataa shule. Soli alikuwa mtu wa kunung'unika akiwa ameinamia kiatu, misumari midomoni. Kusimama mbele ya watu na kuwaomba kura hakukuwa kwake. Basi nani alikuwa amemtia maneno hayo kichwani?

Jibu lilikuja lenyewe, limevaa miwani ya jua. Lilikuwa dalali wa nyumba na viwanja, mtu aliyeitwa Redio kwa kuwa alikuwa hazimiki. Redio alijifanya meneja wa kampeni. Kila jioni alipita mlangoni kwa Karani, akasema, "Shikamoo, dada mkubwa, mama wa mheshimiwa mtarajiwa," kisha akaingia nyuma, na sauti zikashuka. Hilo ndilo lililomsumbua Karani. Redio hakuwa na sauti ya chini. Kama alikuwa amejifunza kunong'ona ukubwani, basi palikuwa na sababu.

Wiki ya pili vikaja vipeperushi. Mkewe Soli alimletea wifi yake kimoja kwa furaha, kikiwa na picha ya Soli amevaa koti la kuazima na maandishi SOLI NI WETU. Karani alikishika kwa vidole viwili. Karatasi ilikuwa nzito, inang'aa, rangi nne. Kwa maisha yake yote ya kazi alikuwa ameomba karatasi na kunyimwa, kwa hiyo karatasi nzuri ilimtia shaka kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

"Nani amechapisha hivi?"

"Marafiki," wifi akasema. "Watu wenye mapenzi mema."

"Wana majina hao?"

"Wifi, na wewe bwana. Furahi basi."

Karani akatabasamu, lakini machale yalikuwa yameshamcheza.

Siku chache baadaye wakaja wapima ardhi. Waliingia Kichochoro cha Mafundi, njia nyembamba nyuma ya barabara kuu ambako wachomeleaji, maseremala, mafundi cherehani na mafundi redio walikuwa wamejipanga vibanda tangu enzi za baba zao. Walisimamisha chombo chao cha miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika. Kisha mmoja akapita na kopo la rangi nyekundu akiweka namba kwenye nguzo za vibanda. Walipoulizwa, walisema ni takwimu tu.

Karani alikwenda kujionea. Alitembea taratibu akihesabu kama anayekagua madawati. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Kisha kibanda cha Soli, ambacho nguzo yake ilikuwa safi. Kisha ishirini na tatu.

"Mbona wewe huna namba?" alimuuliza.

Soli hakuinua kichwa. Alikuwa akivuta uzi wa nta. "Labda rangi iliwaishia."

"Ikakuishia wewe, halafu ikarudi kwa jirani yako?"

"Dada, nina viatu vya watu hapa."

Seremala wa kibanda cha pili alicheka, akidhani ni utani wa ndugu. Karani hakucheka. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani na mkoba wake mapajani, akajiona mchawi. Huyu ni mtoto niliyembeba mgongoni, alijiambia. Lakini kila alipotaka kulala mchana ule, ile nguzo safi ilimrudia machoni.

Jumatatu alivaa gauni lake la kazini, la kijivu, akaenda ofisi za halmashauri ya jiji. Kule masjala, mahali pa kutunzia mafaili, alikuta mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wa shule ile, sasa naye ana mvi.

"Shikamoo, Karani. Mimi ndiye niliyekuwa naletwa kwako kila siku kwa kuchelewa."

"Marahaba, nakukumbuka. Naona siku hizi unawahi." Wakacheka. "Nataka kuona faili la Kichochoro cha Mafundi. Nasikia mpango wowote wa ardhi ya halmashauri huwa wazi kwa mkazi kuusoma."

Yule mwanamke aliangalia mlango. "Uko wazi kwa anayejua kuuliza. Kaa pale dirishani. Usitoke nao."

Mchoro ulikuwa wa jengo la ghorofa nne. Chini maduka, nyuma maegesho ya magari, pale pale kwenye vibanda arobaini na vitatu. Mkandarasi ambaye Karani hakuwahi kumsikia ndiye aliyeomba kulijenga. Kwenye ukingo wa mchoro, duka la kwanza kabisa, lililotazama barabara, mtu alikuwa ameandika kwa penseli: *fundi viatu*.

Nyuma ya mchoro palikuwa na karatasi moja. Kichwa chake kilisema: Wawakilishi wa mafundi walioridhia kuhamishwa. Chini yake majina saba na sahihi saba. Sahihi ya tatu ilikuwa na mkia mrefu uliorudi nyuma ukapita chini ya jina lote kama mstari. Karani hakuhitaji kusoma jina. Mkia ule aliufundisha yeye mezani pa jikoni, miaka arobaini iliyopita, akimwambia mtoto mkaidi kwamba mtu mwenye sahihi nzuri hadharauliki.

Alirudisha faili, akashukuru, akatembea nyumbani kwa miguu kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu.

Mchana Soli alikuwa amerudi kula. Karani alimwomba wifi yake awaachie nafasi. Kisha akamweleza mdogo wake alichokiona, bila kupandisha sauti, kama anayesoma kumbukumbu za kikao.

Soli aliendelea kutafuna kwa muda. "Dada, ukiwa nje unapiga kelele tu. Lile jengo litakuja, nitake nisitake. Nikiwa diwani nitakaa mezani, nitawatetea wenzangu wapate mahali pazuri pa kuhamia."

"Nani alikuambia litakuja upende usipende?"

"Redio."

"Na duka la kwanza la chini, nani alikuahidi?"

Kijiko kikasimama. "Hilo ni la kila fundi mzee."

"Vibanda ni arobaini na vitatu, Soli. Duka lililoandikwa kazi ya mtu ni moja."

Alinawa mikono, akaifuta kwenye suruali kama alivyofanya tangu utotoni. "Nilisaini kwamba nimehudhuria mkutano. Redio alisema ni mahudhurio."

"Kichwa cha karatasi ulikisoma?"

Soli aliifuta tena mikono iliyokwisha kukauka. Na hapo ndipo Karani alipokwama. Akimtazama, hakujua kama mbele yake ana mtu aliyedanganywa au mtu anayedanganya. Alikuwa anajua jinsi uso ule unavyokunjamana ukiwa na homa, ukiwa na njaa, ukiwa na hasira, lakini huu wa sasa hakuwahi kuuona.

"Una mkutano Jumamosi kwenye uwanja wa shule," alisema. "Waambie watu mwenyewe. Usipowaambia, nitakuuliza mbele yao."

"Utaniaibisha? Wewe?"

"Nakupa siku nne usiaibike."

Siku hizo nne zilikuwa ndefu. Redio hakupita tena mlangoni kwake. Alizunguka kwa uani. Ukutani sauti zilishuka zaidi, kisha zikapanda mara moja, wifi akilia, Soli akimwambia anyamaze. Karani aliketi na kipeperushi mapajani akijaribu kuwazia kwamba hana habari.

Jumamosi saa tisa uwanja ulijaa. Mpinzani wa Soli, mwanamke mwenye duka la dawa, alikuwa amefanya mkutano wake wiki iliyotangulia na watu hawakufika nusu. Soli alipanda kwenye jukwaa la meza mbili zilizounganishwa. Alizungumza vizuri kuliko Karani alivyotarajia. Aliongelea mtaro unaofurika, taa za barabarani, zahanati isiyo na muuguzi zamu ya jioni. Watu walipiga makofi. Aliongelea kuzaliwa kwake katika nyumba ile ile anayoishi. Wakapiga zaidi. Kichochoro cha Mafundi hakukitaja.

Redio aliposhika kipaza sauti kufunga, Karani alisimama. Hakunyoosha mkono. Miaka thelathini na mmoja ya kunyamazisha korido ilimtosha.

"Nina swali kwa mgombea."

Redio alicheka kwenye kipaza sauti. "Dada mkubwa, maswali ya familia yaulizwe sebuleni."

"Niliuliza sebuleni," Karani akasema. "Ndugu mgombea, kwenye halmashauri kuna karatasi inayosema mafundi wa kichochoro wameridhia kuondoka ili lijengwe jengo la mkandarasi. Chini yake kuna sahihi yako. Nauliza kama ni yako."

Mchomeleaji aliyesimama mbele aligeuka kumtazama Karani, kisha Soli, kisha tena Karani. Redio alianza kusema kwamba hizo ni propaganda za wapinzani, kwamba wivu wa ndugu unajulikana. Soli alimshika mkono, akachukua kipaza sauti.

"Ni yangu," alisema.

Watu waliguna.

"Niliambiwa ni mahudhurio. Lakini nisiwadanganye." Alimeza mate, na kipaza sauti kilimeza pamoja naye. "Nilijua nusu. Nusu nyingine sikutaka kuijua. Waliniahidi duka, na mimi nimekaa kwenye jua miaka thelathini na mitano. Nikaona nisome baadaye."

Hakuna aliyemrushia kitu wala kumtukana. Walitawanyika tu, mmoja mmoja, kwanza mafundi, na Karani akaona kwamba hilo lilimuuma Soli kuliko matusi. Redio alikuwa ameondoka kabla ya wote, amesahau hata spika zake.

Wiki iliyofuata Soli alishindwa kwa kura thelathini na nane. Karani hakuwa na muda wa kuomboleza. Alipiga chapa barua ya pingamizi, mafundi arobaini na wawili, wakiwemo wale sita wengine wa ile karatasi, wakaisaini, na yule mwenye duka la dawa, ambaye sasa alikuwa diwani, akaipeleka mwenyewe. Halmashauri ikasimamisha mpango mpaka uchunguzi wa zile sahihi saba ukamilike. Namba nyekundu zilianza kupauka nguzoni.

Kibandani kwa Soli wateja walipungua. Baadhi walianza kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili, kisha wakarudi kimyakimya kwa sababu yule alikuwa anapigilia misumari mpaka inachoma mguu. Wifi alipita mlangoni kwa Karani miezi miwili bila kusalimia. Soli mwenyewe alikohoa nyuma ya ukuta, na Karani alijua kwa kikohozi kwamba yuko macho, lakini hakuna aliyesema neno.

Jumapili moja asubuhi aliingia kwa dada yake, akavuta kiti bila kukaribishwa. Karani akammiminia chai. Wakanywa.

"Siku ile uliponipa siku nne," Soli akasema, "Redio aliniambia umetumwa na mwenye duka la dawa. Kwamba amekuahidi cheo ofisini kwake."

"Ukamwamini?"

"Wiki mbili hivi."

Karani akatikisa kichwa. Hakuweza kukasirika, maana yeye mwenyewe alikuwa amemshuku kwa muda mrefu zaidi ya huo, na bado hakuwa na hakika kama ile nusu aliyokiri uwanjani ilikuwa nusu kweli au robo tatu.

"Na kura yako?" Soli akauliza, akitazama kikombe. "Ulimpa nani?"

"Wewe."

Aliinua macho. Akamtazama dada yake usoni, taratibu, kama anavyotazama kiatu alicholetewa na mtu anayeapa kwamba kimefumuka chenyewe tu. Karani hakukwepa macho yale. Soli hakusema anaamini, wala hakusema haamini. Alisogeza kikombe mbele, akaomba aongezewe chai.