Jino la Kucheka

Tangu asubuhi Mutugi alikuwa na jambo moja tu moyoni: kondoo wake wa pili. Alikuwa na madume mawili. Wa kwanza alikuwa tayari kumtoa kwa jirani yake Rukunga, maana jino la Rukunga alilivunja yeye na hakukana. Wa pili alikuwa wa Jumamosi, wa kupelekwa kwa wazazi wa Kawira, mchumba wa mwanawe. Kwa Wameru, posa bila kondoo dume ni matembezi tu; utarudishwa na sukari yako.

Wazee waliketi juu ya magunia katika ghala la viazi la Kibirichia. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Murithi, aliyefundisha historia miaka thelathini bila kupata darasa lililonyamaza vile. Aliwaeleza kwamba katika Ulaya ya kale, Wajerumani na jirani zao Wafrisia walikuwa na fidia ya kila kiungo, hata kidole cha mwisho, na kabila moja lilitoza maradufu kwa jino linaloonekana mtu akicheka. Wazee wakaipenda hiyo. Wakakata shauri: jino likionekana, kondoo wawili, likijificha, mmoja.

"Basi ni mmoja," Mutugi akasema. "Nani amewahi kumwona huyu akicheka?"

Hakuna aliyekumbuka. Hata siku ya harusi yake mpiga picha alimbembeleza mpaka akachoka. Rukunga akavuta mdomo kwa kidole, lakini Mwalimu akakataa. Sheria ilisema kucheka, haikusema kuvuta. Wazee wakajaribu kumchekesha. Mmoja akasimulia kisa cha katekista na punda, mwingine akaiga mwendo wa chifu. Wote wakatokwa na machozi isipokuwa mwenye jino. Mutugi alijiuma shavu. Rukunga akikaza mdomo kidogo tu zaidi, kondoo wa pili ataenda kwa kina Kawira.

Ndipo Mwalimu akakumbuka kwamba silaha haijaletwa mbele ya wazee.

Mutugi akajikuna shingo. "Mwalimu, silaha ni kiazi. Nilikuwa namrushia mbuzi wake aliyeingia shambani mwangu."

"Kilete."

"Mbuzi alikila."

Mabega ya Rukunga yakaanza kutikisika. Akajizuia, akakohoa, akashindwa. Kicheko kikamtoka kama maji ya mfereji uliozibuka, na pale juu upande wa kushoto pengo likaonekana, wazi kama mlango wa ghala.

Kondoo wawili.

Jumamosi Mutugi alienda ukweni na sukari na uso wa aibu. Akamkuta Rukunga langoni, ameshika kamba, kondoo wa pili nyuma yake.

"Ingia," Rukunga akamwambia. "Nimekuja kula jino langu."

Rukunga alizikwa Machi iliyopita. Katika picha iliyowekwa juu ya jeneza alikuwa amefunga mdomo. Mutugi aliitazama, kisha akamnong'oneza mjane kwamba huyo siye. Kuna nyingine nyumbani kwake, ya Jumamosi ile, ambamo pengo linaonekana. Akaenda kuileta kwa miguu.